Muheha Ulionuka Esansi

Mama Dancille anasema aliona kwa macho yake mawili. Anasema siku ile ya Alhamisi alikuwa anapita nyuma ya garaji ya Bwana Édouard, anatafuta mbuzi wake aliyekata kamba. Alipochungulia kwenye tundu la ua wa miti ya miyenzi, akamwona Verdiane, binti wa Papa Sebarenzi wa Kingi, ameinama juu ya tumbo la ile gari nyekundu pamoja na fundi Marcellin. Vichwa vyao, anasema, vilikaribiana kama vichwa vya ng'ombe wawili wanaolamba chumvi pamoja. Na katikati yao kulikuwa na muheha. Mmoja tu.

"Moja, bamama!" alisema pale kisimani, mtungi ungali kichwani. "Walikuwa wanakunywa kasiksi na muheha moja! Na haikuwa muheha ya bure. Ilikuwa ya Sebarenzi mwenyewe, ile iko na nyuzi nyeusi na nyeupe. Mi naijua. Muke wake, Mukagasana, njo aliisuka ile mwaka waliooana."

"Chungu ya kasiksi ilikuwa wapi?" mmoja akamuuliza.

"Chungu sikuiona. Lakini muntu anashika muheha juu ya nini? Juu ya kukuna mugongo?"

Wanawake wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, maana kila mmoja wao alijua uzito wa neno lile. Kwenye vilima vyetu, miaka ile, muheha ulikuwa mwanzi mwembamba wa kunywea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mrefu kama mkono wa mtu mzima, na kila nyumba ilikuwa nayo kadhaa kwa ajili ya wageni. Lakini muheha wa mwenye nyumba ulitundikwa peke yake, ukutani, juu ya kiti chake. Hakupewa mpita njia. Alipewa ndugu, ao mtu ambaye nyumba imekwisha kumfungulia mlango kama mkwe. Sasa binti aushike muheha wa baba yake, anywe nao na mwanaume ambaye hajaleta hata jembe la mahari? Hapo ni kama amejioza mwenyewe nyuma ya ua.

Na mimi nitasema hivi: Mama Dancille hakudanganya. Ua ulikuwapo, muheha ulikuwapo, na vichwa viwili vilikaribiana kweli. Alikosea jambo moja tu. Hakujua ni nani aliyekuwa anakunywa.

Mambo yalianza na ile gari yenyewe.

Bwana Édouard, mzungu wa shamba la pareto juu ya Kingi, aliinunua kwa mzungu mwingine wa Usumbura aliyekuwa ameichoka. Ilikuwa gari ya mbio, ya Waitalia, ya viti viwili tu, nyekundu kama pilipili, imelala chini kama paka anayenyemelea ndege. Siku ilipopanda mara ya kwanza kutoka Sake, wazee walisimama kando ya barabara wakaitazama ikipita na moshi wake. Mzee mmoja akasema, "Hii ingali mutoto wa gari. Muiache, itakomaa." Watu walilirudia neno hilo miaka mingi.

Lakini mtoto huyo alikuwa mgonjwa. Hewa ya vilima vyetu vya Masisi ni nyepesi na ya baridi, na gari ilikuwa imezoea joto la chini. Ilikohoa kila kona. Asubuhi za ukungu iligoma kabisa. Mpishi wa Bwana, kwa kutaka kusaidia, alipaka viti vyake vya ngozi siagi ya ng'ombe, kama tunavyolainisha ngozi za kulalia, na usiku mbwa wa Bwana wakaramba kiti kimoja mpaka pamba ikatoka. Ndipo Bwana Édouard alipomwita Marcellin.

Marcellin alikuwa mtu wa Walikale, wa kule chini msituni, mrefu, mpole, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Alijifunza ufundi kwenye makamio, yale malori ya mgodi. Baruti za mgodi zilimlipa kwa kuliua sikio lake la kushoto. Gari aliipa jina siku ya kwanza.

"Inaitwa Kasuku," alimwambia Verdiane. "Kwetu kuko ule ndege wa rangi ya majivu, mukia yake iko nyekundu. Anaongea sana. Lakini ukimutesa, ananyamaza mpaka anakufa."

Verdiane alipita pale kila asubuhi na kibuyu cha maziwa cha jikoni kwa Bwana. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano, kisha baba yake akasema inatosha, maharagi hayajui kusoma. Hakuwa msichana wa kelele. Alijua kukaa kimya na kutazama, na mtu asijue kwamba anatazamwa.

Kwa hiyo alimtazama. Alimwona akichemsha moteri kidogo kabla ya kumwaga mafuta yake machafu, "maana damu ya moto inatoka pamoja na uchafu yake." Alimwona akifungua zile buji nne zinazowasha moto, akizipiga mswaki moja moja ndani ya mkebe wa esansi, yale mafuta gari inayokunywa, kisha akizipanga kwenye ubao kwa namna zilivyotoka: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakuzichanganya hata mara moja. Kila kisi, ule msumari wa kugeuza, kila kizibo, alikikumbuka kilitoka wapi, na alikirudisha palepale.

Usinicheke nikisema kwamba hapo ndipo moyo wa Verdiane ulipoanza kulegea. Wasichana wengine walipenda vijana wenye kofia, ao wenye kucheza vizuri kwenye arusi. Yeye aliwaza: mtu anayekumbuka kila kitu mahali pake, hatanisahau njiani.

Siku moja Marcellin alikuwa anagonga nyuzi za chuma za magurudumu kwa kijiko cha chai, moja baada ya nyingine, ting, ting, ting, anasikiliza kama zote zimekazwa sawa.

"Ile ya tatu inalia mubaya," Verdiane akasema, kibuyu mkononi.

Fundi akageuka. "Ipi?"

"Ya tatu, toka pale uko. Inalia kama imelegea."

Akaigonga tena. Akaishika kwa vidole. Ilikuwa imelegea kweli. Akamtazama msichana kwa muda mrefu, na msichana akatazama maziwa yake.

"Dada," akasema, "ile sikio yako uliitoa wapi?"

"Ni ya mama yangu. Anasikia hata viazi vikiungua kwa jirani."

Marcellin akacheka mpaka kijiko kikaanguka. Toka siku ile, maziwa ya Bwana Édouard yalianza kufika jikoni yamepoa.

Basi, tufike kwenye ile Alhamisi.

Verdiane alimkuta Marcellin ameketi kwenye kizingiti cha garaji, mikono magotini, hafanyi kitu. Hilo halikuwa kawaida yake.

"Kaka Marcellin, uko mugonjwa?"

"Kasuku imeuzwa."

"Kwa nani?"

"Kwa mufanya biashara moja wa Bukavu. Siku ya kwanza, Jumatatu asubuhi, tunashuka, mi na Bwana. Na yule mununuzi anataka nibaki na gari. Anasema gari kama hii bila muntu yake ni yatima."

Verdiane akaweka kibuyu chini.

"Bwana naye anasema makamio yake ya pareto yangali hapa. Nikitaka, nifikishe Kasuku, kisha nirudi. Kazi iko." Akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa mikono ilikuwa safi. "Kazi iko, dada. Lakini muntu harudii kazi tu. Nikipata mulango hapa Kingi, wa kupiga hodi na kuitikiwa, nitarudi. Nisipoupata, nitabaki na Kasuku."

"Nilimugusia Papa. Anasema weye hauna kilima. Hauna ng'ombe."

"Anasema kweli."

"Anasema, 'Ule muntu wa Walikale atakuweka wapi? Mu sanduku ya nyundo?'"

Marcellin akatabasamu kidogo. "Sanduku iko kubwa, lakini si vile." Akainuka. "Kuja. Iko kazi moja inabaki, na sikio yangu moja haitoshi."

Gari ile ilikuwa na kabureta mbili, kila moja na mdomo wake wa kuvutia hewa. Marcellin aliziita pua. Kama pua moja inavuta kuliko nyingine, moteri inatetemeka na kukohoa, na mlima unaishinda. Dawa yake ni kuisikiliza kila pua peke yake, kwa mpira mrefu wenye tundu, ncha moja puani, ncha nyingine sikioni, na kugeuza visi taratibu mpaka zilie sawa. Lakini mpira wa Marcellin ulikuwa umepasuka kwa baridi. Ulivuja upepo kila mahali.

Verdiane aliutazama ule mpira. Akawaza. Kisha akasema, "Ngoja," akakimbia.

Nyumbani miheha ya wageni ilikuwa mifupi na mingine ina nyufa. Mmoja tu ulikuwa mrefu, umenyooka, hauna hata ufa. Aliutoa ukutani juu ya kiti cha baba yake, akajiambia kwamba jua halitafika utosini kabla hajaurudisha.

Moteri ikawashwa. Wakainama.

"Kushoto?" Marcellin akauliza kwa sauti ya juu.

Verdiane akafumba macho, muheha sikioni. "Inavuta kama muntu alipanda kilima mbio."

"Kuume?"

"Kama muntu analala."

Akageuza visi, upana wa ukucha. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado kidogo. Umepita. Rudi. Hapo! Usiguse tena."

Moteri ikatulia. Haikutetemeka tena. Ilivuma kwa upole, kama nyuki wakiwa mbali, na ule mvumo Verdiane aliubeba maisha yake yote. Miaka mingi baadaye, mtu akiwasha moteri nzuri mahali popote, alisimama kwanza, akafumba macho, halafu ndipo akaendelea na njia yake.

Hawakunyanyuka upesi. Uso wa Marcellin ulikuwa karibu, una alama ya mafuta shavuni. Na Verdiane, sijui ujasiri ule ulitoka wapi, akaigeuza ncha ya muheha, akaiweka kifuani pa fundi, akasikiliza.

"Hii iko mbio sana," akasema. "Uipunguze."

"Hii haina visi, dada Verdiane."

Wakatazamana. Hapo ndipo mbuzi alipotokea kwenye ua, na nyuma ya mbuzi, jicho la Mama Dancille. Verdiane akashtuka, muheha ukamponyoka, ukaangukia ndani ya debe la esansi na kuzama mpaka karibu na nyuzi zake nyeusi na nyeupe.

Aliuosha kwa majivu. Aliuosha kwa maji ya moto. Aliupitisha juu ya moshi. Aliunusa akaona hauna neno, akautundika mahali pake. Lakini pua yake ilikuwa imeshinda garajini asubuhi nzima, na pua iliyozoea esansi haiisikii tena.

Jumapili baada ya misa, wageni walifika kutoka Nyabiondo: mzee Hakorimana, kofia kichwani na fimbo mkononi, pamoja na mwanawe Mbonigaba. Walikuja kwa neno la ndoa ambalo Papa Sebarenzi alikwisha kulikubali nusu. Hakorimana alikuwa na kilima chenye maji na zizi lililojaa, na Mbonigaba hakuwa kijana mbaya. Alikuwa mnene, mwenye haya, na alivua viatu mlangoni.

Mukagasana alikuwa amekwisha kusikia maneno ya kisimani. Alimvuta binti yake nyuma ya nyumba.

"Niambie ile ya Dancille ni uongo."

"Hatukukunywa, Mama."

"Sikuuliza kukunywa. Niliuliza kama ni uongo."

Verdiane akainama. Mama yake akashusha pumzi. "Peleka chungu. Tutasema wageni wakienda."

Chungu cha kasiksi kikawekwa katikati. Papa Sebarenzi akautungua muheha wake. Desturi ni kwamba mwenye nyumba anaonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu, kisha anampa mgeni mkubwa. Akauchovya, akavuta.

Verdiane, aliyesimama mlangoni, aliona macho ya baba yake yakijaa maji. Aliona koo lake likikataa, kisha likilazimishwa. Papa Sebarenzi alimeza. Angefanya nini? Mwenye nyumba akitema, amewaambia wageni kwamba chungu kina sumu. Na akishaonja, asipompa mgeni muheha, amemtukana. Akaifuata desturi kama mtu anayesukumwa mtoni, akampa Hakorimana muheha.

Mzee Hakorimana akavuta kwa nguvu, maana njia ya Nyabiondo ni ndefu.

Kisha mzee akautoa muheha mdomoni taratibu, akautazama, akaunusa, akamtazama mwenzake.

"Sebarenzi," akasema, "hii kasiksi uliikamua na ndizi ao na kamio?"

Mbonigaba alicheka. Maskini, hakutaka. Kicheko kilimtoka puani. Baba yake akamkata jicho, akasimama, akachukua fimbo.

"Papa Hakorimana, kaa, tafadhali, sijui ni nini..."

"Mi sina maneno na weye. Lakini mugeni wa ndoa hanyweshwi esansi. Muntu yangu anataka mke, hataki kuwashwa moto."

Wakaondoka. Mbonigaba alirudi mara moja kuchukua viatu vyake alivyovisahau. Akamwambia Verdiane polepole, "Unisamehe, dada," naye Verdiane alitamani ardhi impasukie, maana kijana wa watu hakuwa na kosa.

Papa Sebarenzi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliketi, muheha mapajani.

"Mutoto, kuja hapa. Ile esansi ilitoka wapi?"

"Papa, hatukukunywa. Tulikuwa tunasikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Pua za gari. Zilikuwa mbili, moja inavuta kuliko ingine. Fundi sikio yake moja imekufa. Mi njo niliziweka sawa."

"Muheha yangu." Akasema polepole, kama mtu anayehesabu maiti. "Muheha yangu mu pua ya gari."

"Nilisema nitairudisha mbele ya saa sita."

"Hakuna mwanzi mu bonde? Hakuna ingine ukutani?"

"Ile ya kwako njo ilikuwa bila ufa, Papa."

"Na ule muntu aliijua ni ya nani?"

"Hakuijua. Mi njo nilijua."

Mzee akatingisha kichwa. "Verdiane, mi sikatai yule muntu juu ya ubaya yake. Nimemuona. Ni muntu wa heshima. Lakini muntu anafuata gari! Gari ikishuka, naye anashuka. Nikikupa kwa muntu wa Nyabiondo, nikikukumbuka, napanda kilima, nakuona. Nikikupa kwa muntu wa barabara, nitakutafutia wapi? Nitauliza kila kamio?"

Hapo Verdiane alielewa kwamba baba yake hakuwa anafikiria ng'ombe. Na mzee, kwa hasira ama kwa aibu ya wageni, aliuchukua ule muheha akautupa motoni.

Uliwaka wa buluu. Fuu! Moto ulipanda wima, kama umepigwa kiberiti kutoka ndani, na nyuzi nyeusi na nyeupe zikajikunja, zikawa majivu. Mukagasana, aliyekuwa anafagia, akaacha kufagia. Alitazama pale motoni tu, mahali zilipokuwa nyuzi alizozisuka akiwa msichana, mwaka alioingia nyumba ile.

Papa Sebarenzi alimwona mkewe. Akatoka nje, akaenda kusimama kwenye maharagi yake mpaka jua likazama, na haikuwa siku ya kulima.

Usiku ule hakuna aliyelala vizuri kwenye nyumba ile.

Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado bondeni, Verdiane alisikia Kasuku inakuja. Aliisikia kabla ya mtu mwingine yeyote. Ilipanda kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kukohoa. Ikasimama chini barabarani, moteri ikiendelea kuvuma. Bwana Édouard alikuwa ndani, kofia ya ngozi kichwani, akitazama saa yake.

Marcellin alipanda kwa miguu. Alikuwa amevaa shati jeupe, na mikono ameisugua kwa mchanga mpaka inataka kutoka damu. Mkononi alishika mwanzi mpya, mrefu, umenyooka, umekaushwa kwenye moshi. Suruali yake ilikuwa na tope la bondeni mpaka magotini.

"Hodi kwa Papa Sebarenzi."

Hakuna aliyeitikia. Mukagasana akamtazama mumewe. Mzee alikuwa kitini, na ukuta juu yake ulikuwa mtupu.

"Hodi tena, Papa."

"Umefika," mzee akasema. Halikuwa karibu. Halikuwa ondoka.

Marcellin akaingia, akapiga goti moja. Verdiane alisimama karibu na mama yake, mikono ameifunga kwenye kitenge.

"Papa, nimesikia habari ya jana. Kingi nzima imeisikia. Ile kosa ni yangu. Kama mupira yangu ingekuwa muzima, muheha yako ingekuwa pale." Akaweka mwanzi mpya mbele ya kiti, kwa mikono miwili. "Nimeikata mwenyewe mu bonde, jana jioni. Nimekata kumi na moja. Hii njo ilikuwa bila ufa."

Mzee akauokota. Akautazama dhidi ya mwanga wa mlango, kama mtu anayetazama bunduki. Akapuliza ndani. Akaunusa.

"Haina nyuzi," akasema.

"Sikuthubutu, Papa. Nyuzi inasukwa na mwanamuke wa nyumba. Mi sijui ni nyumba gani."

Mukagasana akakohoa kidogo, akageuza uso.

Kule chini moteri ilivuma. Mzee akainua kichwa.

"Njo ile?"

"Njo ile, Papa," Marcellin akajibu.

"Iko inapumua sawa?" Lakini hakumuuliza fundi. Alimuuliza binti yake.

Verdiane akasikiliza. "Iko sawa, Papa. Pua zote mbili."

"Na weye njo uliiponya? Na ile sikio yako?"

"Mi nilisikia tu. Yeye njo aligeuza."

Mzee akaugeuza mwanzi mikononi. Kisha, bila kumtazama mtu, akasema, "Mukagasana, ile chungu ya jana iko wapi?"

Chungu kikaletwa. Kasiksi ilikuwa imekolea kwa kulala. Papa Sebarenzi akauchovya ule mwanzi mpya, usio na nyuzi, akavuta mara moja. Akameza. Macho yake hayakujaa maji.

Marcellin aliiona ile. Akasogea kwa goti lake, akanyoosha mikono miwili, viganja juu, weusi wa mafuta umekataa kabisa kutoka kwenye mistari yake.

"Papa," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo kwa mtu mrefu vile, "gari nitaifikisha Bukavu. Nimemupa Bwana neno. Lakini kurudi kwangu kuko mu mukono yako. Sikuombi ng'ombe. Sikuombi kilima. Uniombee njia nzuri, na mbele niende, nakuomba unipe hii muheha nikunywe."

Chini barabarani, Bwana Édouard akapiga honi. Mara moja. Akangoja. Mara mbili.

Papa Sebarenzi aliushika muheha, nusu kwake, nusu juu ya chungu. Tone moja la kasiksi likakusanyika kwenye ncha, likanenepa, likaning'inia. Mukagasana, bila kujua anachofanya, alikuwa amechomoa uzi mmoja mweusi kwenye pindo la kitenge chake, anauzungusha kidoleni. Na Verdiane akafumba macho, maana ni kwa masikio alikuwa amezoea kujua mambo, akasikiliza pumzi ya baba yake, na mikono ya Marcellin ilikuwa bado imenyooshwa.